Gome Lisilochubuka

Inspekta Mou Jingwen alikuwa amepiga magoti chini ya mti wa mpea kwa muda mrefu, hata Meneja Cheng akaanza kukohoa.

"Afande, kamba iko kule," alisema Cheng. "Huo ni mti tu."

"Kamba nimeshaiona. Sasa naangalia mti."

Cheng ndiye aliyekuwa msimamizi wa kazi yote ya kuvusha nyaya za umeme wa msongo mkubwa juu ya Mto Wu, na tangu jana hakuwa amelala. Macho yake yalikuwa mekundu, kofia yake ngumu imekaa upande. Nyuma yake, matuta ya chai yaliteremka moja baada ya jingine hadi kwenye ukingo wa genge. Chini ya genge ulikuwa mto, na ng'ambo ya mto, juu ya mlima, ulisimama mnara mpya wa chuma ukisubiri nyaya zake.

Kati ya matuta ililala kamba nyekundu, nene kama kidole gumba. Jana asubuhi kamba hiyo ilikuwa ikivutwa na mashine iliyofungwa ng'ambo. Droni ndiyo iliyoanza kazi: ilivusha uzi mwembamba, uzi ukavuta kamba ndogo, kamba ndogo ikavuta hii nyekundu. Nyekundu nayo ilikuwa ivute kamba ya chuma, na ya chuma ndiyo ingevuta nyaya zenyewe, zikining'inia hewani kutoka mnara hadi mnara bila kugusa ardhi wala bega la mtu. Lakini kabla ya kamba ya chuma kufika mtoni, nyekundu ikakatika. Kipande cha mbele kikaanguka majini. Kamba ya chuma ikarudi nyuma kwa kishindo na kung'oa kapi kwenye mnara wa juu, upande huu wa mto.

Haikukatika yenyewe. Hata Sajini Qin, ambaye alikuwa bado anatafuna mkate wa mvuke alioununua njiani, aliliona hilo kwa mtazamo mmoja. Ncha ilikuwa imekatwa kwa chuma chenye makali.

"Huu ni uhujumu, Afande," Cheng alirudia kwa mara nyingine. "Na mtu mwenyewe mnaye. Ran Guangfu alionekana akiteremka mlima na mundu mkononi. Soko zima lilimsikia akiapa kwamba ataikata kamba yetu. Sasa mti wa nini?"

Mou alimwita Qin kwa kidole.

"Meza kwanza. Haya, unaona nini?"

Mpea ule ulikuwa na mashina mawili yaliyoota pamoja kutoka ardhini, moja upande wa mlima, jingine upande wa mto. Qin aliinama.

"Shina hili la mlimani limechubuka. Gome limetoka lote, mti mweupe unaonekana. Kamba imesugua hapa."

"Urefu gani kutoka chini?"

"Kifuani kwangu. Wewe ingekugusa shingoni."

"Acha utani. Shina la pili?"

Qin alizunguka. Aliangalia, akapapasa, kisha akaangalia tena.

"Zima. Halina hata mkwaruzo."

"Kamba iliyokazwa inanyooka," alisema Mou. "Imelilalia shina la kwanza, inaelekea mtoni. Lazima ilalie na la pili, yako mstari mmoja. Kwa nini haikuligusa?"

Qin aliacha kutafuna. "Kulikuwa na kitu katikati."

"Kitu gani?"

Kwa ncha ya kibano Mou alitoa kutoka kwenye mianya ya gome vijiti viwili vya mwanzi vilivyopondwa bapa, na pamoja navyo uzi mfupi wa buluu iliyokolea, ule wa kitambaa cha kutiwa rangi nyumbani. Akaviweka kwenye kifuko kidogo cha plastiki na kukiinua juani.

"Kikapu cha mgongoni," alisema Qin polepole. "Na nguo."

"Na mtu ndani ya nguo."

Meneja Cheng alisogea karibu. Rangi ya uso wake ilibadilika.

"Haiwezekani. Hapa palifungwa. Tuliweka utepe kote, tukaweka na mlinzi."

"Niunganishe na fundi wa mashine ng'ambo."

Cheng alipiga simu, akaweka sauti ya nje. Fundi Geng, mwendesha mashine ya kuvuta, alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyekwisha kuhojiwa na kila mkubwa wake.

"Fundi Geng, sikuulizi kosa lako," alisema Mou. "Nieleze tu mashine ilifanya nini."

"Iligoma yenyewe, Afande. Ile ina kikomo. Mvuto ukizidi kile nilichoiwekea, inajifunga breki, haivuti wala hairudi nyuma. Nikadhani fundo limenasa kwenye kapi. Nilikuwa naita kwenye redio niulize, ndipo kamba ikalegea yote. Pwaa!"

"Iligoma kwanza, halafu ndipo ikalegea?"

"Ndiyo. Katikati hapo ningeweza kuwasha sigara na kuvuta mkupuo mmoja. Sikuwasha, kazini haturuhusiwi."

"Umesema vizuri. Na kabla ya hapo kazi ilikwenda bila kusimama?"

"Tulisimama kidogo. Mlinzi wa mteremko, binti Ran, aliomba tusimame. Nikalegeza kamba. Baadaye nikaambiwa endelea."

"Nani alikuambia?"

Simu ilikwaruza. Meneja Cheng alikuwa anatazama mto.

"Redio yenyewe ilikuwa inakoroma, Afande," alisema Geng hatimaye. "Nilisikia endelea. Siyo sauti ya kike."

Mou alimshukuru na kukata simu. Akasimama, akijipangusa magoti.

"Kamba ilikwama kwanza, ndipo ikakatwa," alimwambia Qin. "Mhujumu hukata kamba ili kusimamisha kazi. Huyu alikata kamba iliyokwisha kusimama. Na angalia ilipokatiwa: hatua moja tu kutoka shinani, kwa mapigo matatu, mawili yamekosea. Mtu mwenye nafasi yake hakati hivyo."

"Basi huyo aliyebanwa yuko wapi?"

Wote watatu, bila kuambizana, waligeuka kutazama ukingo wa genge.

"Teremka na kamba ukaangalie chini," Mou alimwambia Qin. "Taratibu."

*

Ran Suqin, mlinzi wa mteremko, walimkuta amekaa juu ya jiwe karibu na utepe wa njano, bendera nyekundu na ya kijani zimelala miguuni pake. Alikuwa msichana mwenye mikono mipana, nywele zimefungwa chini ya kofia ngumu. Alikuwa mwanamke pekee katika kikosi kile, na baba yake alikuwa amefungiwa katika kituo kidogo cha polisi pale kijijini.

"Nimeshaandikisha maelezo yangu, Afande," alisema kabla hajaulizwa. "Sikutoka hapa."

"Vizuri. Hebu simama. Kutoka hapa unauona mpea?"

"Nauona."

"Basi ulimwona aliyekata kamba."

Suqin aliinama kuziokota bendera.

"Kama hukutoka, ulimwona," alisema Mou. "Kama hukumwona, ulitoka. Chagua moja, binti. Mbili haziwezi kukaa sufuria moja."

Msichana alimtupia Meneja Cheng jicho. Mou akalinasa jicho hilo.

"Meneja, tusubiri pale kwenye gari."

Cheng alitaka kubisha, akaona uso wa Inspekta, akaondoka. Alipokwisha kwenda mbali, Suqin akavua kofia.

"Nilitoka," alisema. "Lakini niliomba wasimamishe kwanza! Ilikuja familia nzima kuzuru makaburi, wazee kwa watoto, wamebeba ubani na fataki. Walipita njia ya chini, utepe wameuruka. Wangetembea chini ya kamba moja kwa moja. Nikasema kwenye redio, simamisha. Wakasimamisha, niliona kamba ikishuka mpaka ikalala juu ya chai. Nikakimbia kuwarudisha. Babu yao mmoja akanitukana ukoo mzima, eti namzuilia mababu zake. Nilikuwa bado nabishana naye niliposikia kamba imepiga kama radi."

"Uliwaambia waendelee?"

"Sikusema! Nakuapia. Redio nilikuwa nayo hapa shingoni, sikuigusa."

"Kwa nini basi umeandikisha uongo?"

Suqin alifuta pua kwa mkono wa shati.

"Meneja alisema ni mambo ya wanakijiji wenye chuki, itakwisha hivyo. Akasema nikitaja kwamba niliondoka, cheti changu kitafutwa. Sikujua kwamba watamkamata Baba. Baada ya hapo nikaogopa kubadilisha." Akanyanyua uso. "Afande, Baba ana mdomo mchafu, lakini amevuta kamba maisha yake yote. Anajua kamba iliyokaza ukiikata inakurudia. Inang'oa kichwa. Mtu wa kamba hakati kamba iliyokaza kwa sababu ya hasira."

"Kwa sababu gani ataikata?"

Msichana alifikiri. "Sijui. Sababu yoyote ingekuwa kubwa kuliko yeye."

Sajini Qin alirudi akihema, suruali imejaa matope hadi magotini.

"Hakuna mtu chini," alisema. "Nimeangalia ukingo wote na majabali. Hakuna damu. Lakini nimeokota hiki." Alikuwa ameshika kikapu cha mgongoni, kimebanwa bapa kama samaki mkavu, majani machanga ya chai yamegandamana ndani yake. "Kilikuwa kimesukumwa chini ya kichaka. Kimefichwa."

Mou aliachia pumzi.

"Aliyefichiwa kikapu aliondoka kwa miguu yake," alisema. "Au kwa miguu ya mtu mwingine. Twende kwa mzee."

*

Ran Guangfu alikuwa ameketi juu ya benchi, mgongo wima, sikio lake la kushoto limefungwa kitambaa kilichoanza kuwa cha hudhurungi. Alikuwa mzee mnene wa mabega. Zamani ndiye aliyekuwa kiongozi wa genge la wavuta nyaya, yeye akipaza wimbo na wanaume wakivuta. Mashine zilipokuja, genge lilitawanyika, na yeye akabaki kuzilaani sokoni.

"Mzee Ran, shikamoo," alisema Mou, akaketi mbele yake.

"Marahaba. Umeleta tumbaku?"

"Nimeleta maswali."

"Hayo hayavutiki."

Qin aliuma mdomo asicheke.

"Sokoni ulisema utaikata kamba yao."

"Sokoni nimesema mengi. Nilisema pia nitamwoa mjane muuza tofu. Kamuulize kama nimemwoa."

"Hilo sikio limefanywa na nini?"

"Mbu."

"Mbu wa Mto Wu siku hizi wana nguvu," alisema Qin.

"Wanakula vizuri, kijana. Siyo kama nyinyi."

Mou alitoa kile kifuko na kukiweka mezani: vijiti vya mwanzi, uzi wa buluu. Kisha Qin akaweka kikapu kilichopondwa. Mzee Ran alikitazama, halafu akatazama ukuta.

"Shina la mlimani limechubuka, la mtoni halikuchubuka," alisema Mou. "Kulikuwa na mtu kati ya kamba na mti. Wewe ulimtoa. Sasa niambie ni nani."

Mzee Ran alikaza upya kitambaa cha sikioni.

"Uharibifu wa njia ya umeme ni kifungo kirefu, Mzee. Wewe unalijua hilo, lakini bado umekaa kimya. Unamfichia nani?"

"Nilikata kamba. Andika hivyo. Nina chuki na mashine. Andika na hilo pia."

"Sitaandika." Mou aliinama mbele, sauti yake ikashuka. "Nisikilize. Kikapu hiki kilikuwa hivi kifuani au mgongoni mwa mtu. Mbavu zinaweza kuwa zimevunjika. Ubavu uliovunjika hauui palepale. Mtu anaondoka, anajisikia ana nguvu, anasema sijambo. Halafu ule mfupa unatoboa pafu polepole. Anapumua kidogo, kidogo zaidi. Je, amekwenda hospitali?"

Mzee Ran aligeuka. Kwa mara ya kwanza macho yake yalimtazama moja kwa moja.

"Aliniambia kifua hakimuumi."

"Lini?"

"Jana. Papo hapo. Alisema anakwenda kwa mganga wa zahanati." Mzee akasimama, benchi likaanguka nyuma yake. "Aliniahidi! Yule mwanamke ni mwongo tangu usichana wake! Tian Wenxiu. Nyumba ya mwisho kabla ya daraja la mawe. Anaishi peke yake, mwanawe yuko mjini. Nendeni! Mnakaa nini?"

"Utatueleza njiani," alisema Mou. "Panda gari."

Garini, Mzee Ran alibanwa kiti cha nyuma na Qin, magoti yakigusa kidevu, akazungumza bila kusimama. Bibi Tian alikuwa na matuta matatu ya chai pale kwenye mpea, na chai ya kwanza ya mwaka haingoji mtu. Aliona kazi imesimama, akapenya chini ya utepe. Kamba ilikuwa imelala juu ya michai yake, ikiivunja. Akaenda kuiinua aitupe nyuma ya mti. Ndipo mashine ikaanza kuvuta.

"Mimi nilikuwa juu natafuta machipukizi ya mwituni ya kula," alisema Mzee Ran. "Naona mtu amebanwa kwenye mti, mdomo uko wazi, sauti haitoki. Nikateremka sijui vipi. Nikafikiri, nikifika nitakuta vipande viwili. Afande, zama zetu tulikuwa wanaume mia kwenye kamba moja. Mbele akinaswa mtu, wa nyuma hajui. Anavuta tu na wimbo. Nimezika watu wa hivyo. Basi nafika... kamba imesimama. Imesimama yenyewe! Haimwachii, lakini haiendelei kumkata. Nikasukuma, wapi. Nikaipiga kamba kwa mundu. Pigo la tatu likaingia, kamba ikanipitia hapa sikioni."

"Ungekufa," alisema Qin.

"Ningekufa. Ndiyo maana nilipiga nimefumba macho."

"Na kwa nini ulinyamaza?" Mou aliuliza kutoka mbele.

Mzee alitazama dirishani.

"Mngeuliza mlinzi alikuwa wapi."

"Nimemwuliza. Aliomba kazi isimame, ikasimama. Akaenda kuokoa familia iliyokuwa inapita chini ya kamba. Aliyesema endelea siye yeye."

Gari lilipita shimo, wote wakaruka. Mzee Ran alipeleka kitambaa cha sikioni usoni, akakikandamiza machoni, na Qin akageuka upande wa pili kutazama mashamba.

*

Nyumba ya Bibi Tian ilikuwa imefungwa. Hapakuwa na moshi. Kuku watatu walisimama mlangoni wakilalamika, na chombo chao cha maji kilikuwa kikavu.

"Wenxiu!" Mzee Ran aliita. "Wewe mwanamke!"

Hakuna jibu. Mou aligonga, kisha akausukuma mlango kwa bega. Ulikuwa umetiwa komeo kwa ndani. Qin alirudi hatua mbili, akaupiga teke, komeo likang'oka.

Jikoni mlikuwa na giza na harufu ya nyama ya kukausha kwa moshi. Juu ya benchi kando ya jiko alilala mwanamke mdogo wa umbo, blauzi yake ya buluu imechanika ubavuni, uso wake rangi ya jivu, macho yamefumba. Mzee Ran alishika mwimo wa mlango. Mou alipiga goti, akaweka vidole viwili shingoni mwake.

"Mikono baridi kama chura," alisema Bibi Tian bila kufumbua macho. "Nani huyo ananivunjia mlango?"

Mou alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu, na Qin naye akaanza, na Mzee Ran akakaa chini palepale kizingitini kama gunia lililofunguliwa.

"Polisi, Bibi. Unapumua vizuri?"

"Ningekuwa napumua vizuri ningekuwa nakaanga chai. Nikivuta pumzi kubwa kunachoma. Nikivuta ndogo sijambo. Basi navuta ndogo." Akafumbua jicho moja, akamwona Mzee Ran. "Guangfu! Nilikuambia usiseme!"

"Na wewe uliniambia unakwenda zahanati!"

"Ningewaambia nini zahanati? Nimebanwa na kamba ya serikali nikiwa nimeruka utepe? Wangekuja kwako siku hiyo hiyo!"

"Walikuja!"

"Basi unaona!"

"Mtagombana hospitalini," alisema Mou. "Sajini, mbebe."

"Siendi popote. Majani yangu yatakuwa makubwa."

Qin alichuchumaa mbele ya benchi na kumpa mgongo. Bibi Tian aliutazama ule mgongo kwa dharau.

"Mfupa mtupu. Huyu hapewi chakula nyumbani?"

"Ndivyo ninavyowaambia kila siku, Bibi," alisema Qin. "Panda polepole."

*

Mbavu mbili zilikuwa na ufa. Pafu lilikuwa zima. Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, aliinua picha kwenye mwanga na kuionyesha kwa kalamu.

"Kikapu kilipokea sehemu kubwa, na shina lile la kwanza, kwa mlivyonieleza, likapokea nyingine. Kamba ingesogea shubiri moja zaidi, tusingekuwa tunazungumza. Atalala hapa siku kadhaa. Atapona."

Mzee Ran aliyekuwa amesimama mlangoni aliomba aelezwe tena, neno la mwisho tu. Daktari akalirudia.

Nje, uani, Meneja Cheng alikuwa anasubiri karibu na gari. Hakujitetea. Kofia yake alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili.

"Nilisikia redioni mtu amesema pita," alisema. "Labda alikuwa anamwambia mtu mwingine. Labda hakuna aliyesema. Upepo ulikuwa unakuja mchana, na nilitaka kamba ya chuma ivuke kabla ya upepo. Nilisikia nilichotaka kusikia, Afande. Nikamwambia Geng endelea. Na kamba ilipokatika..." Aliigeuza kofia mikononi. "Ilikuwa rahisi kuamini ni uhujumu."

"Na kumwambia msichana akae kimya, hilo nalo ulisikia redioni?"

Cheng aliinamisha kichwa.

"Hapa hakuna mhujumu, kwa hiyo mimi kazi yangu imekwisha," alisema Mou. "Ofisi ya usalama kazini itakuja kesho, na utawaeleza hivyo hivyo, pamoja na hilo la msichana. Ukiwaficha neno moja nitajua. Mzee Ran naandika sasa hivi kwamba anaachiliwa. Na kamba yako haivutwi mpaka waniambie nani ana haki ya kusema endelea."

"Aliyesimamisha," alisema Cheng. "Aliyesimamisha peke yake. Nimekwisha kuwaambia."

"Waandikie. Halafu nenda ndani ukamsalimie Bibi. Atakutukana. Vumilia."

Cheng alivaa kofia, akaivua tena, akaingia. Muda si mrefu sauti ya Bibi Tian ilisikika mpaka uani, ikivuta pumzi ndogo ndogo na kutoa maneno makubwa makubwa.

Suqin alikuwa amefika kwa pikipiki ya mtu. Alisimama mbali na baba yake, na baba yake alisimama mbali naye, kati yao limepita beseni la maji machafu lililobebwa na mhudumu.

"Sikio vipi?" aliuliza msichana.

"Lipo."

"Umekula?"

"Polisi hawana chakula. Yule sajini wao anakula peke yake."

Suqin alitoa kwenye mkoba mfuko wa vipande vya tofu ya soya vya kukaanga, bado wa moto. Mzee aliupokea, akatafuna kimoja taratibu, akitazama ardhi.

"Ile mashine yenu," alisema, "niliiona ikisimama. Mimi sikuwahi kulisimamisha genge haraka vile. Hata siku moja." Akasukuma mfuko kwake. "Kula na wewe. Umekonda."

*

Ofisi ya usalama ilimaliza kazi yake, Cheng akapewa onyo na msimamizi mwingine juu yake, Suqin akabaki na cheti, na siku ya kuvuta ikarudi. Mou hakuwa na sababu ya kipolisi ya kuwapo pale. Alimwambia Qin kwamba wanapita tu, na Qin akanunua mikate ya mvuke ya kutosha watu wote.

Upepo ulikuwa umelala. Kila njia ilikuwa na mlinzi. Suqin alisimama kwenye jiwe lake, bendera mkononi, na Mzee Ran alikaa nyuma ya utepe, upande wa ruhusa, akitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Droni ilivuka mto ikiwa na uzi wake, ikapotea katika mwanga, na baada ya muda sauti ya Fundi Geng ikaja redioni: uzi ameupata. Uzi ukavuta kamba ndogo, kamba ndogo ikavuta nyekundu. Nyekundu ikapanda juu ya matuta ya chai, juu ya mpea, ikanyooka hewani bila kugusa jani.

Ndipo mbwa wa manjano akatokea kichakani. Alitembea kwa maringo mpaka katikati ya matuta, chini kabisa ya kamba, akazunguka mara kadhaa, akalala.

"Simamisha," alisema Suqin.

Ng'ambo ya mto mashine ikanyamaza. Juu ya minara miwili mafundi wakatulia kama ndege. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Redio ilikoroma kidogo, kisha nayo ikakaa kimya. Mzee Ran alifungua mdomo, Qin akamtia mkate.

Mbwa alijikuna sikio. Akajikuna ubavu. Akanusa hewa, akainuka, akajinyoosha miguu ya mbele halafu ya nyuma, na kuondoka kuelekea kijijini bila haraka yoyote.

Suqin alimsindikiza kwa macho mpaka alipovuka utepe. Akaangalia juu, akaangalia chini, kushoto, kulia. Akaileta redio mdomoni.

"Endelea."